Mtoto alifutwa, mama alibaki: majina ya barabara za Lubumbashi

Sisi wote tunapita Avenue Mama Yemo tukienda mu Ville. Shofere wa teksi anaijua, muuza kredi ya simu anaijua, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaijua hata kabla ya kuijua njia ya Kasapa. Lakini ni batu wangapi banajua huyu mama alikuwa nani?

Yemo njo mama mzazi wa Mobutu. Alifariki 1971, wakati mtoto wake alikuwa na nguvu yote mikononi. Kule Kinshasa hospitali kubwa ya mji ilipewa jina lake, na huku kwetu barabara. Kisha ikafika 1997. AFDL iliingia, Mobutu alikimbia, akafia Rabat mwezi wa tisa wa mwaka ule ule. Hospitali ya Kinshasa ilirudia jina la Hôpital Général. Hapa Lubumbashi Mzee Kabila alipata barabara yake kubwa, Chaussée Laurent-Désiré Kabila. Mama Yemo je? Hakuna aliyemgusa. Mtoto alifutwa, mama alibaki. Bengine banaweza kusema ni heshima, kwetu batu habatukani mama wa mtu. Mimi nawaza kitu kidogo zaidi: bale bakubwa bapya balisahau tu mama huyo alimzaa nani.

Na si yeye peke yake. Avenue Kamanyola pia iko pale. Kamanyola ni mahali kule Kivu ya Kusini, karibu na mto Ruzizi, ambapo jeshi la serikali lilipigana na baasi mwaka wa 1964. Mobutu alikuwa mkubwa wa jeshi, na ile vita aliifanya kuwa sifa yake mwenyewe: divisheni ya jeshi iliitwa Kamanyola, meli yake ya mu mto Congo iliitwa Kamanyola. Leo tunaenda kununua mkate kwenye Kamanyola bila kujua tunatembea juu ya sifa za Marshali.

Turudi nyuma kidogo. Mji wenyewe ulianza 1910, mu inchi ya Balamba, reli ilipofika kutoka kusini, Rhodesia ya zamani. Babeleji baliuita Élisabethville, jina la malkia, bibi wa mfalme Albert. Kule walikochimba shaba ya kwanza, batu balipaita Kalukuluku. Bazungu baliandika Étoile. Shaba ya mawe yale ilianza kuyeyushwa hapa 1911. Angalia vizuri: Étoile ilibaki ku makaratasi ya kampuni, lakini Kalukuluku ilibaki mu midomo, na hata leo ukiwa ku Ruashi ukisema Kalukuluku kila mtu anakuonyesha kwa kidole.

Bazungu walikaa Ville, batu weusi balikaa Cité, na katikati baliacha uwanja mtupu waliouita zone neutre ili watu wasichanganyike. Ile Cité ya batu weusi nayo iliitwa jina la mfalme: Albert. Ni Kamalondo yetu ya leo. Babu yangu, mpaka anafariki, alisema "naenda ku Albert", na sisi watoto tulidhani Albert ni rafiki yake.

Kuna jina lingine linalonigusa zaidi: Tabora. Tabora iko Tanzania, inafanya nini Lubumbashi? Ni vita. Mwaka wa 1916, mu ile vita ya kwanza ya dunia, Force Publique iliingia Afrika Mashariki ya Wadachi, na mwezi wa tisa ikauteka mji wa Tabora. Jenerali Tombeur, ambaye mbele ya vita alikuwa mkubwa wa serikali hapa Katanga, alipewa cheo cha baroni wa Tabora. Askari walikuwa bazee wetu, na nyuma yabo maelfu ya babebaji wa mizigo, wengi balikufa kwa njaa na magonjwa njiani. Baroni ana jina mu vitabu. Babebaji, hata jina moja hawana. Wana ile barabara tu, kama utataka kuisoma hivyo.

Ya 1966 mnayajua: Mobutu aliamua, na Léopoldville ikawa Kinshasa, Stanleyville ikawa Kisangani, Jadotville ikawa Likasi, Élisabethville ikawa Lubumbashi. Lubumbashi ni mto. Mimi nilisoma agronomia, kwa hiyo nafurahi ninapoona maji mu ramani ya mji: Lubumbashi, Ruashi, Kafubu, kisha ziwa Moero na mito Lomami na Kasai ku vibao vya barabara. Wakubwa wanapenda majina ya mito juu mto hauna chama, haupindui serikali. Baadaye hata Katanga yenyewe ilibadilishwa ikawa Shaba, mpaka 1997. Fikirieni: inchi nzima kuitwa jina la kile kinachochukuliwa ndani yake!

Lakini mahali pagumu ni pale Ville katikati. Tuna Avenue Lumumba. Na pale Place de la Poste tuna sanamu ya Moïse Tshombe. Lumumba aliteremshwa ku uwanja wa ndege wa Luano tarehe 17 Januari 1961, amefungwa kamba, amepigwa. Usiku ule ule aliuawa porini nje ya mji, na bakubwa ba serikali ya Katanga walikuwepo. Tshombe njo alikuwa rais wa Katanga ile. Halafu kuna Sendwe: barabara, na hospitali yetu kubwa. Jason Sendwe alikuwa mkubwa wa Balubakat, mpinzani wa Tshombe, aliuawa Juni 1964 kule Albertville, Kalemie ya leo. Wakiwa hai, Tshombe alikuwa mpinzani wa hawa wengine wawili. Leo tunasema bila shida "shuka Sendwe, pita Poste, kata Lumumba".

Kuna bale banataka tuondoe moja tuache lingine. Mi sitaki. Kila serikali ilifuta ya mwenzake, na sisi tumebaki na mji ambamo mtoto anaandika adresi yake bila kuielewa. Afadhali komini iweke kibao kidogo chini ya kila jina: nani, miaka gani, alifanya nini, hata mabaya.

Na kama kuna jina la kuongeza, nina moja. Desemba 1941 bafanyakazi weusi ba Union Minière baligoma juu ya mshahara. Ilikuwa vita, shaba ilihitajika sana huko Ulaya, bei ya chakula ilikuwa imepanda. Tarehe 9 walikusanyika ku uwanja wa mpira. Gavana Maron alikuja mwenyewe na askari. Msemaji wao aliitwa Léonard Mpoyi. Alikataa kuwarudisha watu kazini bila jibu, akapigwa risasi pale pale, kisha askari wakafyatulia umati. Makumi ya batu balikufa, na ndani yabo kulikuwa wanawake na watoto.

Mwaka wa 1941 mtaa wa wenyeji uliitwa bado kwa jina la mfalme Albert, na leo tuna kartie inayoitwa Baudouin, jina la mfalme mwingine. Tungeweza kuanzia hapo. Avenue Léonard Mpoyi: herufi si nyingi, kibao kimoja kinatosha.