JINSI YA KUTUMIA PROGRAMU ZA KUCHORA RAMANI KUKADIRIA GHARAMA ZA NYUMBA

Wadau, pita mtaa wowote unaojengwa, iwe Goba, Kivule au Chanika, utakuta nyumba zimeishia kwenye lenta miaka nenda rudi, nyasi zimeota mpaka sebuleni. Si lazima mwenye nyumba awe fukara au fundi awe mwizi. Mara nyingi hela ilianza kutoka mfukoni kabla ya mtu kukaa chini na kuhesabu. Fundi alisema "milioni kadhaa hivi zinatosha", ikawa imepita. Leo tuiangalie hiyo "kadhaa hivi" inavyoweza kugeuzwa namba kwa kutumia kompyuta, hata ya kukodi kwa saa kwenye kafe.

Programu za kuchora majengo ziko za aina mbili, na tofauti yake ndo kila kitu kwenye suala la gharama. Aina ya kwanza inachora mistari. AutoCAD, iliyotoka Desemba 1982, ndo baba lao hapo. Kwake ukuta ni mistari miwili tu iliyokaa sambamba. Haijui kama ni ukuta, reli au kamba ya kuanikia nguo. Aina ya pili inachora vitu vyenyewe. Kwenye ArchiCAD ya kule Hungaria, au Revit iliyotoka 2000 na kununuliwa na Autodesk 2002, ukichora ukuta programu inajua urefu wake, kimo chake, unene wake na kwamba una dirisha katikati. Ndo maana hizi zinaweza kukutolea jedwali la eneo la kuta na ujazo wa zege. Ukihamisha ukuta, jedwali linabadilika lenyewe.

Tatizo ni bei. AutoCAD na Revit siku hizi unalipia kwa muda. Leseni mpya za kununua mara moja Autodesk waliziacha 2016. Mwanafunzi mwenye uthibitisho wa shule au chuo anaweza kupewa bure ajifunzie. Zile za kukreki zinazozunguka kwenye flashi sizishauri, achilia mbali sheria, zinakuja na virusi na mashine ya kafe si yako. Za bure zipo. Sweet Home 3D ni bure kabisa, haihitaji mashine ya kutisha, inakuonyesha urefu wa ukuta unapochora na mita za mraba za kila chumba. SketchUp nayo ina toleo la bure la kufungua kwenye intaneti moja kwa moja. Hizi hazikupi jedwali la tofali, ila zinakupa vipimo, na vipimo ukivipeleka kwenye Excel au LibreOffice umemaliza.

Angalizo kwa wenye AutoCAD: ramani nyingi zimechorwa kwa milimita. Ukipima eneo la chumba cha mita 3 kwa 4 itakuandikia 12,000,000. Usikimbie. Gawa kwa milioni moja, unapata mita za mraba 12.

Sasa tuchukue mfano. Nyumba ya vyumba vitatu, mita 10 kwa 9. Kuta za nje ni mita 38, za ndani tuseme 24, jumla mita 62. Kimo mita 3 bila kuhesabu lenta. Hapo una mita za mraba 186. Toa milango 7 ya sentimita 90 kwa mita 2.1, na madirisha 7 ya mita 1.5 kwa 1.5 (tufanye yote saizi moja hesabu iwe nyepesi). Hizo nafasi zinakula karibu mita 29 za mraba, unabaki na 157. Programu za vitu zinatoa milango zenyewe. Kwenye zile za mistari unatoa wewe, na wengi husahau.

Tofali la inchi 6 lina sura ya sentimita 45 kwa 22.5. Ukiweka na udongo wa kuungia, yaani ile mota ya sentimita moja na nusu, mita moja ya mraba inakula karibu tofali 9. Kwa hiyo 157 mara 9 ni tofali 1,413. Ongeza asilimia 5 za kuvunjika, unafika kama 1,484.

Lakini subiri. Hiyo ni tofali ya KUSIMAMISHA. Fundi akija na kukuambia hapa TUNALAZA, sura inayoonekana inakuwa sentimita 45 kwa 15, na mita moja ya mraba inakula karibu 13. Kuta zilezile, ramani ileile, sasa ni tofali 2,041 kabla ya za kuvunjika. Tofauti ni tofali 628! Hakuna programu ya Ulaya wala Marekani itakayokuuliza swali hilo. Ukiacha unene wa ukuta aliokuchagulia yeye, hesabu yote imekufa. Kwa hiyo kabla hujagusa kipanya muulize fundi: tunalaza au tunasimamisha? Na wa Kenya mnaojenga kwa mawe ya kuchonga, pimeni jiwe lenu kwanza, namba zangu za tofali hazitawafaa.

Lenta ndiyo inayowamaliza wengi, labda kwa sababu kwenye ramani haionekani. Kama inazunguka kuta zote, ni mita 62. Nondo nne za kulala ni mita 248. Nondo moja ikiwa na mita 12, ni nondo 21, na ongeza mbili tatu kwa pale zinapopishana. Ringi kila sentimita 20 ni karibu 310. Kumbuka hiyo ni lenta tu. Idadi na unene wa nondo anayepaswa kusema ni mhandisi, si programu na si mimi.

Jamvi la mita za mraba 90 lenye unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 9. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 hiyo inakula mifuko ya kilo 50 ipatayo 57. Kwa 1:3:6 ni kama 40. Fundi akipunguza unene mpaka sentimita 8, zege linashuka hadi mita 7.2. Umeona mchezo unapoweza kuchezwa? Mtu aliyeko Muscat au Minneapolis anayetuma hela nyumbani, akiwa na hizi namba kwenye faili lake, anaweza kuuliza kwa upole: mifuko 57 iliingia, jamvi lina unene gani?

Kwenye paa nako kuna mtego. Watu wanachukua eneo la sakafu na kununua bati. Paa linatoka nje ya ukuta, na linalala kwa mteremko. Nyumba yetu ikiwa na mtokezo wa sentimita 60 kila upande, kivuli cha paa ni mita 11.2 kwa 10.2, yaani 114. Paa likisimama nyuzi 30, zidisha kwa 1.155, unapata karibu mita za mraba 132. Likisimama nyuzi 45 linafika 161. Sakafu ilikuwa 90 tu! Hapo hujahesabu bati zinavyopandana, wala vipande vinavyokatwa kwenye kona. Kadiri ramani inavyokuwa na makona mengi ya kupendezea macho, ndivyo bati linavyogeuka vipande.

Bei sasa. Tengeneza jedwali lenye kifaa, kipimo, idadi, bei ya kimoja na jumla. Bei usizitoe kwenye mtandao. Nenda maduka matatu ya vifaa pale utakapojenga, na uliza bei ikiwa imefika kiwanjani. Saruji inatoka viwandani Wazo Hill, Tanga, Mbeya, Mtwara na kwingineko, na mkoa ulio mbali na kiwanda unalipia barabara. Mchanga nao unauzwa kwa lori, na lori si kipimo. Uliza linabeba mita ngapi za ujazo.

Kuna vitu ambavyo kompyuta haivioni kabisa. Kiwanja cha mteremko kama vile vya Kimara, msingi upande wa chini unaweza kula kozi nyingi kuliko wa juu, wakati ramani inaonyesha sakafu iko sawa. Udongo wa mfinyanzi unaovimba mvua ikinyesha unadai msingi wa aina yake. Halafu kuna maji ya kujengea, mlinzi, ufundi, kibali, umeme. Viandike kwenye jedwali kwa mkono wako, na juu ya jumla weka akiba. Mimi naona asilimia 10 ni ya chini.

La mwisho kwa vijana wanaotaka kuligeuza hili kazi: kumchorea shangazi ramani ajue bajeti yake ni poa. Kujitangaza kuwa mbunifu majengo au mkadiriaji majenzi ni habari nyingine, maana kwa sheria ya 2010 lazima usajiliwe na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Kibali cha ujenzi kinaombwa halmashauri, na huko wana masharti yao kuhusu michoro.

Kama una bei za tofali na mfuko wa saruji za mtaani kwenu wiki hii, ziandike hapo chini pamoja na jina la mji, tuwe nazo zote sehemu moja.