Taa ya Injini Ilianzia kwenye Moshi wa Los Angeles

Julai 1943 moshi mzito ulitanda Los Angeles, ukawasha macho na kukaba koo, hata baadhi ya wakazi wakadhani Wajapani wamewashambulia kwa gesi. Kiwanda kimoja cha malighafi ya mpira kikashukiwa, kikafungwa kwa muda. Moshi haukuondoka. Ni mwanzoni mwa miaka ya 1950 ndipo mkemia Arie Haagen-Smit, mzaliwa wa Uholanzi, alipoonyesha chanzo chake: jua likichoma moshi wa magari na mvuke wa mafuta.

Taa ya injini kwenye dashibodi imetokana na ugunduzi huo. Mwaka 1967 California iliunda bodi ya kusimamia hewa, Haagen-Smit akiwa mwenyekiti wake wa kwanza, na bodi hiyo ndiyo iliyokuja kuwalazimisha watengenezaji kuyafanya magari yajipime yenyewe na kuwasha taa yakiona hitilafu, kuanzia matoleo ya 1988.

Kompyuta zilikuwa zimeshaingia ndani ya magari. Kwenye magari ya General Motors ya miaka ya 1980, fundi aliunganisha pini mbili kwa waya, kisha akahesabu taa ya injini ilivyomweka: ikiwaka mara moja, ikatulia, ikawaka mara mbili, huo ni msimbo namba 12. Mafundi wa Toyota walishoti pini za TE1 na E1. Shida ni kwamba kila kampuni ilikuwa na soketi yake na namba zake. Ndipo ukaja mfumo mmoja, soketi ya pini 16 na misimbo ya pamoja, uliokuwa lazima kwa magari madogo yote mapya Marekani kufikia 1996. Ulaya ilifuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli.

Anayesahau kwamba misimbo hii ilitungwa kulinda hewa ataisoma vibaya. P0301 inasema silinda ya kwanza inamisi. Sheria ilijali hilo kwa sababu petroli isiyoungua huenda kuungulia ndani ya katalisti inayosafisha moshi na kuiharibu kwa joto. Ndiyo maana injini ikimisi sana taa hupepesa, na dereva anapaswa kupunguza mwendo mara moja. Lakini msimbo hautaji kilichosababisha. Fundi makini huhamishia koili ya silinda ya kwanza kwenye ya pili: msimbo ukigeuka P0302, koili ndiyo mbovu. Ukibaki palepale, anapima plagi, nozeli na kompresheni. Vivyo hivyo P0171, mchanganyiko wenye hewa nyingi, mara nyingi ni mpira wa hewa uliopasuka, ilhali mwenye gari ameshauziwa sensa ya oksijeni. Sensa hiyo ilikuwa inasema kweli. Inaniuma kuona watu wakinunua vipuri kwa kufuata namba tu, bila gari kupimwa.

Mwaka 2005 kampuni ya Elm Electronics ya Kanada ilitoa ELM327, chipu ya kusomea misimbo hii. Toleo la kwanza halikulindwa dhidi ya kunakiliwa, na nakala zake zikashusha bei ya kusoma misimbo hadi mfukoni mwa dereva wa kawaida. Kusoma kukawa rahisi, na kufuta pia. Ila kufuta kunafuta vilevile matokeo ya majaribio ambayo gari hujifanyia, na ni lazima liendeshwe tena ndipo yakamilike. Kwa hiyo unaponunua gari lililotumika na taa imezimika, fungua ukurasa wa majaribio hayo kwenye mashine ya kusomea misimbo. Mengi yakiwa hayajakamilika, muulize muuzaji alifuta nini.