Kihispania Chini ya Mlima Meru

Mwaka 1952 Kirilo Japhet aliondoka Meru akafika New York, mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, kudai ardhi ya watu wake. Mwishoni mwa 1951 serikali ya Waingereza ilikuwa imewaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki. Nyumba zao zilichomwa moto, na eneo likatengwa kwa ajili ya walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe. Kirilo alikuwa na wakili wake, Earle Seaton. Shauri lao lilipanda mpaka Baraza Kuu, likaangukia hapo kwa kukosa theluthi mbili za kura. Mwaka 1967 wawili hao walitoa kitabu kizima juu ya kesi hiyo.

Jambo moja la kumbi zile halitajwi sana. Umoja wa Mataifa ulikuwa na lugha rasmi 5, na Kihispania kilikuwa mojawapo. Tena tangu Desemba 1948 Baraza Kuu lilikuwa limekipandisha kuwa lugha ya kazi, sambamba na Kiingereza na Kifaransa. Nchi za Amerika ya Kilatini zilikuwa nyingi na kura zao zilikuwa na uzito. Kilio cha Meru, kwa hiyo, kiliingia katika masikio ya Kihispania zamani sana, kabla waongoza watalii wa Arusha hawajajua kuamkia watu kwa lugha hiyo.

Si kwamba mlima huu ulikuwa mgeni wa lugha. Waarusha wanasema lugha ya jamii ya Kimaasai, Wameru lugha ya Kibantu iliyo ndugu wa Kichaga, na miundo ya sentensi za majirani hawa wawili haifanani hata kidogo. Wajerumani walipojenga boma lao la Arusha kuelekea mwaka 1900 walikuja na Kijerumani chao, lakini kazi za utawala wakaziendesha kwa Kiswahili. Wakafuata Makaburu kutoka Afrika Kusini, kisha Wagiriki wa mashamba ya kahawa. Kihispania ndicho kilichochelewa.

Hata kilipoingia Tanzania, kilipita mbali na Arusha. Aprili 1965 Che Guevara alipita Dar es Salaam na Kigoma kwa siri, akavuka Ziwa Tanganyika kwenda kupigana Kongo. Yeye na wenzake walijipa majina ya siri ya Kiswahili: Víctor Dreke akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, na Che mwenyewe akawa Tatu. Kuazima namba ni rahisi. Kuunganisha sentensi mbili zikawa moja, kwa lugha ya mwenzako, ni kazi nyingine.

Kazi hiyo ilifika Arusha kwa njia ya utalii. Hifadhi ya Serengeti ilikuwapo tangu 1951, Ngorongoro ikapata mamlaka yake 1959, na Hifadhi ya Taifa ya Arusha ilianza 1960 kwa jina la Ngurdoto kabla ya kuongezewa Mlima Meru wenyewe mwaka 1967. Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro ulifunguliwa 1971. Lakini kwa miaka mingi utalii ulikuwa mikononi mwa mashirika ya umma, na mpaka na Kenya ulifungwa kuanzia 1977 hadi 1983. Biashara ilipoachiwa watu binafsi, na kampuni zikajaa mjini hasa kuanzia miaka ya 1990, lugha ikawa mtaji. Kiingereza kilikuwa cha kila mtu. Aliyejua Kijerumani, Kifaransa au Kihispania alitafutwa. Wahispania husafiri zaidi Julai na Agosti, wakati uleule nyumbu wanapovuka Mto Mara, kaskazini mwa Serengeti. Msimu huo mwongoza watalii wa Kihispania hapumziki.

Mlango wa pili ulikuwa wa sheria. Mwaka 2003 viongozi wa Umoja wa Afrika walipitisha itifaki ya kurekebisha hati yao ya msingi, na humo lugha 6 zikatajwa kwa majina: Kiarabu, Kiingereza, Kifaransa, Kireno, Kihispania na Kiswahili. Kihispania kina wenyewe barani, kwani Guinea ya Ikweta ilipata uhuru kutoka Uhispania Oktoba 1968, na Wasahrawi wa Sahara Magharibi nao walitawaliwa na nchi hiyohiyo. Mwaka 2007 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilihamia Arusha ikitokea Addis Ababa. Ikapangishwa wapi? Katika majengo ya Kituo cha Uhifadhi cha Mwalimu Julius Nyerere, Barabara ya Dodoma, palepale yalipo makao makuu ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Wanyama na haki za binadamu chini ya paa la mwenye nyumba mmoja. Septemba 2022 majaji wake walitoa hukumu katika shauri lililohusu Sahara Magharibi, koloni la zamani la Uhispania, ambamo Tanzania yenyewe ilikuwa miongoni mwa nchi 8 zilizoshtakiwa.

Sasa tuingie kwenye sentensi, maana hapo ndipo ugumu ulipo. Maneno ya kuonyesha wanyama hukaririwa upesi: león, elefante, jirafa. Kuunganisha kwa y, pero na o hakumsumbui mtu. Ni sentensi ambatano, sawa na "na", "lakini" na "au". Taabu huanza kwenye sentensi changamano, pale kishazi tegemezi kinapoegemea kishazi huru na kitenzi chake kikabadilika umbo. Wahispania huliita umbo hilo subjuntivo, na wanafunzi wengi hulichukia, kwa sababu wanalifikia kwa kupitia Kiingereza, ambacho karibu hakina kitu cha namna hiyo.

Kiswahili kinacho. "Nataka uje" ni quiero que vengas. "Nataka kuona" ni quiero ver. Mtendaji akiwa mmoja, lugha zote mbili hutumia kitenzi jina. Watendaji wakiwa wawili, zote mbili hugeuza mwisho wa kitenzi cha pili. "Ili mmwone" ni para que lo vean. "Afadhali tungoje" ni es mejor que esperemos. Ile -e ya mwisho, ambayo mtoto wa mtaa wa Ngarenaro, Arusha, huitumia akimwomba mama yake aende kucheza, imekwisha kumfundisha nusu ya somo ambalo mwanafunzi wa London hulilipia.

Nusu iliyobaki ina mitego, na mitego hiyo ni ya Kiswahili chenyewe. Mwongozaji anataka kuonya: tutakapomwona simba, msishuke garini. Kiswahili kimeweka wakati ujao ndani ya kishazi, kwa hiyo ulimi unakimbilia cuando veremos. Kihispania kinakataa. Jambo ambalo bado halijatokea, likija baada ya cuando, huchukua subjuntivo: cuando veamos al león, no se bajen del coche. Watalii wa Uhispania wangependa kusikia no os bajéis, na katika nchi nyingi za Amerika ya Kilatini gari huitwa carro, lakini veamos haina mjadala.

Virejeshi navyo. Aliyezoea kuchagua kati ya ambaye, ambao, ambalo na ambazo atafurahi kukuta que moja isiyojali ngeli. Furaha hiyo ina gharama yake. Tunasema "tembo tuliyemwona jana", na ile -mw- ya tembo imo ndani ya kitenzi. Mswahili akiihamisha anapata el elefante que lo vimos, wakati inayotakiwa ni el elefante que vimos, basi. Kwenye masharti, "ningekuwa na pesa, ningekwenda" ina -nge- pande zote mbili, na mwanafunzi husema si tendría dinero, iría badala ya si tuviera. Walimu hukata kwa wino mwekundu. Haki itendeke, hata hivyo: si tendría husikika kila siku kwa wenyeji wa Bilbao na Burgos, na hakuna anayewarudisha darasani.

Sentensi moja ingefaa kubandikwa kwenye kila ofisi ya utalii mjini. Busco un guía que hable español maana yake ni kwamba mwajiri anatafuta mtu yeyote, ilimradi ajue Kihispania. Huenda hata hayupo. Busco al guía que habla español maana yake yupo mmoja anayejulikana, na anatafutwa yeye. Kiswahili husema "anayezungumza" kwa wote wawili, na kuacha muktadha ufanye kazi. Hapa hakuna daraja. Pa kukariri pakaririwe.

Hoja ya kuitazama lugha kwa macho yake yenyewe si mpya kwa Wahispania. Antonio de Nebrija alichapa sarufi yao ya kwanza mwaka 1492, akiwa na Kilatini kichwani. Ilipofika 1847, Andrés Bello, mzaliwa wa Caracas aliyekuwa akiishi Chile, aliandika sarufi kwa ajili ya watu wa Amerika na kupinga tabia ya kukilazimisha Kihispania kivae vazi la Kilatini. Sisi nasi tulianza na vitabu vya wageni, kama kile cha Askofu Edward Steere cha 1870, kilichoeleza Kiswahili kwa Kiingereza. Mwaka 1999 Massamba, Kihore na Hokororo walitupa Sarufi Miundo ya Kiswahili Sanifu, na istilahi kama kishazi tegemezi zimo katika mitaala ya shule zetu.

Zana tunazo, basi. Mwalimu wa Kihispania wa Arusha anayeanza somo la subjuntivo kwa kutafsiri mifano ya Kiingereza anamzungusha mwanafunzi njia ndefu bila sababu. Aanze na "nataka uje", aandike ubaoni quiero que vengas chini yake, kisha aonyeshe tutakapomwona na veamos zinapoachana. Kiingereza akiweke pembeni mpaka kitakapohitajika.