Kakakuona si armadilo

Wafasiri wengi wakikutana na armadilo humwita kakakuona, kazi ikaisha. Kwa mbali wanafanana: wote wawili wamevaa deraya, wote wana makucha ya kufukulia. Lakini kakakuona ni mnyama wa Afrika na Asia, na magamba yake yameumbwa kwa kitu kilekile kinachofanya kucha na nywele. Gamba la armadilo lina mfupa ndani yake, na ndugu zake wa damu wako Amerika: slothi na mla-mchwa.

Hata hao ndugu watatu wamegawana kazi, na ushahidi uko mkononi. Nyuma ya kiwiko cha armadilo pana ncha ndefu ya mfupa, na msuli wa kunyoosha mkono umejishikiza hapo. Ncha hiyo ni wenzo: kadiri inavyorefuka ndivyo mkono unavyosukuma udongo kwa nguvu. Kwa slothi, anayeishi akining'inia, ncha ni fupi. Yenye nguvu ni misuli ya kukunja mkono na vidole. Mla-mchwa mkubwa ana ajabu yake: sehemu ya msuli wa kunyoosha kiwiko imeungana na kano za kukunja vidole, ikaupa ukucha wa kati nguvu ya kupasua kichuguu.

Basi kakakuona abaki na jina lake. Yule wa Amerika tumwandike armadilo, kama tulivyokwisha kumpokea kangaruu bila kumtafutia jina la kuazima porini kwetu.