Nani Humwombea Mchungaji?

Ibada ya Jumapili ikiisha katika sharika zetu za Ifakara na bonde zima la Kilombero, watu humngoja mchungaji nje ya kanisa. Mmoja ana mtoto mgonjwa, mwingine shamba lake la mpunga limezama, mwingine ndoa yake inayumba. Wote wataka maombi, nasi wachungaji twawaombea kwa furaha. Lakini ni mara chache mshirika humwuliza mchungaji, “Na wewe, Baba, tukuombee nini?” Historia ya Kanisa la Afrika Mashariki inatufundisha kwamba swali hilo si dogo.

Mwaka 1928 daktari kijana Mwingereza, Joe Church, alifika Gahini, Rwanda, kufanya kazi ya hospitali ya misheni. Nchi ilikuwa ikiingia katika njaa kali. Wagonjwa na wenye njaa walikuwa wengi, wasaidizi wachache. Mwaka uliofuata alikuwa amechoka mwili na roho, akaenda Kampala kupumzika. Huko, Septemba 1929, kwenye kilima cha Namirembe, alikutana na Mganda mmoja Mkristo, Simeoni Nsibambi. Wawili hao walikaa pamoja wakisoma Maandiko juu ya Roho Mtakatifu na kuomba. Daktari alirudi Gahini akiwa mtu mwingine. Wengi huhesabu mkutano ule kuwa mojawapo ya chemchemi za Uamsho wa Afrika Mashariki, uliofika baadaye hata Bukoba na kuwagusa Walutheri. Askofu Josiah Kibira, aliyechaguliwa mwaka 1977 kuwa Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, alilelewa kiroho katika Uamsho huo.

Tuangalie jinsi jambo lile lilivyoanza. Halikuanza na mkutano mkubwa wala vipaza sauti. Mtumishi mmoja aliyechoka alikiri kwamba amepungukiwa, na ndugu mmoja akapiga magoti pamoja naye. Vivyo hivyo Kutoka 17 yatuonyesha Musa, kiongozi mkuu, mikono yake ikilegea mpaka Haruni na Huri walipoitegemeza. Naye Paulo, katika Waefeso 6, hakuona haya kuwaomba washirika wamwombee apate ujasiri wa kuhubiri.

Basi twapendekeza kila usharika uwe na kikundi kidogo cha kuwaombea viongozi: mchungaji, mwinjilisti, wazee wa kanisa, pamoja na wenzi wao na watoto wao. Watu watano au saba watosha. Wachaguliwe wenye kuomba na wenye kufunga mdomo, maana ombi la kiongozi likisikika sokoni kesho yake, hatalisema la pili. Wakubaliane saa moja maalumu. Masika, mito ikijaa na barabara zikikatika, kila mmoja aombe nyumbani kwake saa hiyohiyo. Kiangazi wakutane, hata mara moja kwa mwezi, na kiongozi mwenyewe awepo aseme mzigo wake.

Lakini kuna hatari mbili. Ya kwanza, kikundi kugeuka kuwa watu wa karibu wa mchungaji, wenye kumsifu na kumkingia kifua anapokosea. Ndugu wa Uamsho walisisitiza kutembea nuruni, yaani kuungama dhambi waziwazi na kuambiana kweli. Maombi hayafichi wizi wa sadaka wala hayachukui nafasi ya baraza la wazee. Hatari ya pili iko kwetu wachungaji. Twapenda kuonekana wenye nguvu. Tukiulizwa hali, twajibu, “Bwana ni mwema,” kisha twarudi nyumbani na mzigo uleule. Kikundi hakiwezi kumwombea mtu asiyefungua kinywa.

Wapendwa washirika, Jumapili ijayo, kabla ya kutaja shida zenu, mwulizeni mchungaji wenu swali lile. Nasi wachungaji, tukiulizwa, tujibu kweli.