Nyumba Inauzwa, Ardhi Haiuzwi

Mwaka wa pili huu nyumba ya marehemu baba pale Magomeni haijapata mnunuzi. Dalali anakuja, anapiga picha, anasema "soko limelala, kaka," anaondoka na nauli yangu. Ukutani bado yapo maandishi ya rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Aliyaandika baba mwenyewe, akiwaogopa matapeli. Na sisi wanawe pia, nadhani.

Nikingoja wateja nimekuwa nikisoma. Mwaka 1958 Nyerere aliandika makala, "Mali ya Taifa", akisema ardhi ni zawadi ya Mungu. Cha mtu ni jasho alilolitia juu yake. Mwaka 1963 umilikaji wa kudumu ukafutwa, ukageuzwa upangaji wa miaka 99 kutoka serikalini. Mwaka 1971 yakataifishwa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Baada ya hapo nani angejenga ghorofa ili auze? Kisheria uliuza maendelezo tu: matofali, mabati, mwembe wa uani. Kiwanja chenyewe bure. (Bei ya mdomoni, bila shaka, ilikuwa nyingine.) Ni Sheria ya Ardhi ya 1999 iliyokiri wazi kwamba ardhi ina thamani.

Sasa ajabu yenyewe: mteja pekee aliyerudi mara mbili haitaki nyumba. Anataka kiwanja. Vyumba sita, ukumbi, ule mwembe, vyote atavunja na kung'oa. Katika bei yake jasho la baba halimo hata senti.

Dada anasema tuchukue. Mimi yale maandishi sijayafuta bado.