Idhini ya Kufungisha Ndoa: Mfano wa Kisauni

Mtu hawi mfungishaji wa ndoa kwa kuvaa joho au kilemba, wala kwa kuyajua maneno yasemwayo mbele ya maharusi. Lazima kwanza apewe idhini. Jinsi idhini hiyo ilivyoanza katika pwani yetu yaonekana vizuri huko Kisauni, upande wa bara wa Mombasa.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alikubali kuyafunga masoko ya watumwa. Manowari za Kiingereza ziliendelea kuyakamata majahazi yaliyowachukua watumwa kwa siri, na mwaka 1875 wamisionari wa Church Missionary Society wakaanzisha kijiji cha Frere Town, ng'ambo ya kisiwa, wapate pa kuwaweka waliookolewa. Walikuwamo Wayao, Wamakua na Wanyasa, wengi wao wametekwa utotoni. Sasa fikirini: kijana wa kijiji hicho akitaka kuoa, ampose msichana kwa nani? Mahari ampelekee nani? Na wazee wa kushuhudia watoke wapi?

Sheria ya Kiislamu, iliyotawala pwani wakati huo, ilikuwa na jibu lake tangu zamani. Nikahi husimama kwa walii, mashahidi wawili, na maneno ya ijabu na kabuli. Mwanamke asiye na walii huozeshwa na kadhi. Lakini watu wa Frere Town walilelewa katika Ukristo. Jamaa yao ikawa kanisa, na shahidi wao daftari la kanisa.

Tarehe 31 Mei 1885 Askofu James Hannington aliwapa ushemasi William Jones na Ishmael Semler, hapo hapo Frere Town. Wote wawili walikuwa wamekombolewa utumwani wakiwa watoto, wakasomeshwa Bara Hindi. Kwangu mimi siku hiyo ni kubwa kuliko nyingi zinazotajwa vitabuni, kwa kuwa watu walionyang'anywa jamaa zao walianza kuhudumiwa na wenzao waliopatwa na msiba ule ule.

Walakini daraja ya kanisa ni kitu kimoja, na leseni ya serikali ni kitu kingine. Baada ya Waingereza kutangaza himaya yao mwaka 1895, zilitungwa sheria za ndoa mwaka 1902, na mwaka 1904 ikaja ya Waafrika Wakristo. Majina ya wahubiri waliopewa leseni yakawa yakitangazwa katika Gazeti la Serikali. Kwa Waislamu, sheria ya mwaka 1906 ilitaka ndoa na talaka ziandikishwe tu.

Msidhani hayo yalikuwa mambo ya karatasi. Chini ya sheria ya mwaka 1931, mjane aliyeolewa kwa ndoa hiyo ya Kikristo hakulazimika kurithiwa na ndugu wa marehemu. Cheti kilimlinda.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 ilizikusanya pamoja sheria hizo zilizotawanyika. Chini yake, Msajili wa Ndoa ndiye atoaye leseni kwa wahubiri, na masheikh, makadhi na maimamu hufungisha nikahi kwa idhini yake. Ndoa ya kimila ina njia ya peke yake: hufungwa kwa desturi za jamaa, kisha mume na mke wenyewe humpelekea Msajili habari kwamba wameoana.